Nyundo Dirishani kwa Shangazi

4 Februari

Dirisha la chuma limekuja, mwanangu, na nimejuta kabla hata halijapigwa komeo. Lakini ngoja, nisikurukie kama kuku, kwanza nikusalimie. Hujambo, Chiriku wangu? Mkwe wangu dereva hajambo na lori lake? Na huyo mgeni wetu wa tumboni, bado anakupiga mateke? Mwezi wa tatu ndio tunamtazamia, na blanketi lake hili hapa, nimelifungasha pamoja na barua. Nimefuma la njano. Njano haina ubishi, akija wa kiume sawa, akija wa kike sawa. Pembe moja imekwenda upande, usiicheke. Ndiyo niliyofuma huku fundi anakata mabati.

Mimi sijambo kwa neema ya Mungu. Goti ni lile lile, mimi nasimama lenyewe linabaki. Huku kila mtu ananiita Bibi, wakubwa kwa wadogo. Kuniita Shangazi ni wewe peke yako, na tangu uolewe ukaenda mbali, jina hilo limelala tu ndani ya nyumba.

Anayeandika ni Mama Pacha, mke wa Fundi Cheche, yule mchomeleaji wa hapa ukutani kwangu. Yule binti aliyekuwa akiniandikia naye ameolewa, kahama. Sasa ona mtego nilioingia: nataka kumsema mume wa mtu, na mwenye mume ndiye kashika kalamu! Nimemwambia, Mama Pacha, andika kila ninalosema, hata nikikohoa andika. Kasema, "Naandika, Bibi, lakini na mimi nyumbani nina mdomo." Haya.

Wewe saa yangu unaijua. Nikishafagia uwanja, jua likavuka paa, nakaa kwenye kigoda changu pale dirishani, mimi na Bwana wangu, na hakuna kuniita. Ulikuwa ukisimama mlangoni na swali lako mdomoni, mashavu yamevimba, hulitoi mpaka usikie nimesema amina. Hata mjumbe alipoleta habari za ng'ombe kuingia shambani ulimwambia, "Shangazi yuko kwa Mungu, subiri." Ng'ombe wakala mahindi yote. Sikukuchapa.

Sasa jua likivuka paa ndipo ukuta wangu unapotoa kivuli upande wa nje, na Fundi Cheche anafuata kivuli kama kuku wakati wa joto. Anahamishia hapo kazi zake zote, milango, mageti, vitanda. Mimi nasema "Baba yetu," yeye anajibu pang! Nasema "uliye mbinguni," pang pang! Siku moja nikajikuta nasali kwa kufuata mdundo wake, kama naimba kwaya.

Nikawaza, kelele hii ni ya chuma, basi nitaizuia kwa chuma. Dawa ya moto ni moto. Nikataka dirisha la bati nene, la kufunga kabisa. Na nikamwagiza nani? Cheche mwenyewe! Si ndiye fundi aliyepo? Basi akalitengeneza hapo hapo chini ya dirisha langu, maana lazima alipime, alikate, alipime tena, alinyooshe. Kelele niliyoipata kwa ajili ya kuzuia kelele, mwanangu, hata siku ile paa la kanisa lilipoezuliwa na upepo hatukusikia kama ile. Na lilipokaa, jua likilipiga linalia lenyewe, tang, tang, kama mtu anabisha hodi. Nyundo ya nje ikigonga, chumba chote kinaitika kama ngoma. Tena giza. Nimejikwaa kwenye kigoda changu mwenyewe nikasema neno ambalo Mama Pacha amekataa kuliandika.

Nimejipalia makaa. Mama Pacha anacheka hapa mpaka kalamu inatetemeka.

Mgeni akifika, niandikie hata mstari mmoja. Usisubiri nafasi, mwenye mtoto hapati nafasi.

Shangazi yako


28 Machi

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta salama, na goti lina nafuu. Sisi huku tunaendelea. Mwenzangu yuko safarini, atarudi wiki ijayo, anakusalimu sana. Msalimie Mama Pacha, mwambie mwandiko wake ni mzuri.

Blanketi limefika. Ni zuri mno. Nimelitia kwenye mfuko nikaliweka juu ya kabati lisishike uchafu. Pembe sikuicheka.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi na nimeomba zamu za ziada. Unajua kazi yangu, napokea simu za watu waliokatikiwa maji. Navaa hedifoni masikio yote mawili tangu asubuhi, nagombezwa mimi kana kwamba ndimi bomba. Jana mzee mmoja alinitukana mpaka akachoka, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamkatia.

Nikifika nyumbani nawasha redio jikoni na televisheni sebuleni. Simu nalala nayo chini ya shavu, inaongea mpaka inaisha chaji. Mwenzangu anasema nyumba yetu imekuwa soko. Nimecheka sana habari ya dirisha lako, Shangazi, lakini nimeona ajabu pia. Wewe kimya unakitafuta kwa chuma. Mimi kikinijia nakikimbia.

Kusali nasali kidogo. Naanza, simu inalia, na moyoni namshukuru aliyepiga.

Naishia hapa, zamu yangu imefika.

Mwanao, Chiriku


15 Aprili

Mwanangu mpendwa, salamu. Mimi mzima, goti limekataa, tumelizoea. Pacha wa hapa wameota meno, wote wawili siku moja, na wameanza na mkono wangu. Mchungaji wetu amepata kikohozi, mahubiri yamekuwa mafupi, tunamwombea apone lakini si kwa haraka. Mama Pacha, andika hivyo hivyo. Mungu mwenyewe anajua utani.

Barua yako nimesomewa. Nikasema, soma tena. Akasoma. Nikasema, tena, polepole, pale kwenye salamu. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayepapasa sindano kwenye mkeka. Umenisalimia mimi, umesalimia goti, umemsalimia Mama Pacha, mpaka mwandiko umeusifu. Kuna mmoja hukumtaja.

Na blanketi la mtoto, mwanangu, halikai juu ya kabati.

Sikuulizi. Nimesema sikuulizi. Zamani wewe ndiye uliyesimama mlangoni na swali lako ukinisubiri niseme amina. Sasa mlangoni nimesimama mimi. Nitasubiri. Ng'ombe na waingie.

Ngoja nikwambie habari ya dirisha, maana nimelifungua. Nililivumilia, nikafunga komeo, nikaziba na kitambaa pembeni, nikakaa kwenye giza langu nikasema, haya Bwana, leo ni mimi na wewe. Unajua kilichotokea? Nikaanza kusikia yaliyo ndani. Kwanza shimo la paa langu, nitaliziba na nini. Halafu mama mmoja wa kanisani, mrefu, anapenda kukaa mbele yangu na kilemba chake kama mnara, simwoni mchungaji. Nikagombana naye humo gizani, yeye hayupo, nikamshinda. Halafu nikakuwaza wewe. Kumbe nilijifungia na soko zima kichwani! Nikainuka, nikavuta komeo, na huyo hapo Cheche, nyundo juu, uso umejaa masizi. Akashtuka. "Bibi, unasali? Nisimame?"

Nikamtazama. Shati limelowa, na geti analolitengeneza ni la watu wenye haraka. Nikasema, "Piga, baba. Piga."

Nikarudi kwenye kigoda, nikamwambia Bwana, kelele hii siiwezi, ifanyie kazi wewe. Na likanijia neno dogo tu. Akigonga, mtaje. Nani? Chiriku. Basi siku hizi ndivyo ninavyosali. Pang, Chiriku. Pang, Chiriku. Akipiga haraka haraka nakutaja haraka haraka, mpaka ulimi unateleza. Akipumzika anywe maji nakutaja mara moja kwa kituo, na jina la mumeo nalitia hapo. Sijawahi kumwombea mtu mara nyingi hivyo tangu nizaliwe. Tena silipi chochote, nyundo ni ya Cheche.

Nimeikumbuka na ile habari ya Bwana ndani ya mashua, mawimbi yanaingia, watu wanalia, yeye kalala. Tena kalalia mto! Nilisikia hivyo tangu utoto, na siku zote niliona muujiza ni pale alipouambia upepo unyamaze. Sasa nimezeeka, naona muujiza wa kwanza ulikuwa usingizi. Upepo bado unavuma na mtu kalala. Ule mto aliutoa wapi? Mama Pacha anasema pengine ni mto wa wavuvi, una harufu ya samaki. Hata kama. Ndio ninaoutaka.

Pacha wanalia, mwandishi wangu anaondoka. Nimesimama mlangoni, usisahau.

Shangazi yako


20 Mei

Chiriku wangu, hujambo.

Sina jipya. Posta wameniambia hakuna barua yangu, nikawaambia tazameni vizuri, wakatazama vizuri. Sikuja kudai barua, nimekuja kukusalimia tu.

Nyundo inalia kila siku. Jumapili hailii, na Jumapili nakutaja bila nyundo, nakosa mdundo.

Mlangoni bado nipo. Miguu haijachoka, goti limechoka lakini halikuulizwa.

Shangazi yako


9 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Leo nimezima redio ili niiandike, na mwenzangu amekaa hapa mezani, anamenya machungwa ambayo hakuna anayeyala.

Alikuwa wa kike. Alizaliwa kabla ya mwezi wake, mwishoni mwa Februari, na hakulia. Muuguzi alinipa nimshike. Alikuwa na nywele nyingi. Jina tulikuwa hatujamchagulia, tulisema tutamwona kwanza. Blanketi lako lilifika siku ya tatu baada ya kumzika. Nilifungua mfuko nikaona njano, nikafunga.

Sikuweza kukuandikia. Nilijua ukisomewa itakuwa kweli.

Mwenzangu alitaka tuzungumze. Kila alipofungua mdomo nilikwenda kuongeza sauti ya redio. Nikaomba zamu za ziada ili nikirudi awe amelala. Watu kazini wananisifu kwa bidii. Nikisikia kimya tu, Shangazi, nasikia chumba kile, jinsi kilivyokuwa kimya wakati wote tulikuwa tunasubiri alie.

Unasali kwa nyundo na kunitaja. Niliposoma hapo nilikaa chini jikoni. Kumbe siku zote hizo, nikiwa kwenye simu nagombezwa na watu, kuna mahali mtu ananigonga kwa jina. Lakini mimi kusali sijui tena. Nina hasira naye. Sithubutu kumwambia Mungu hasira, na nikiificha hakuna kingine cha kusema. Kwa hiyo nanyamaza na kuwasha redio.

Mwenzangu anasema nije nikae kwako kidogo. Jana alilishusha blanketi juu ya kabati akalikunjua kitandani. Sikumzuia. Kazini hawatoi ruhusa kirahisi, na sijui kama nitaweza kuingia kwako mikono mitupu, wakati ulikuwa unatungojea wawili.

Nimesema sasa. Amina.

Mwanao


1 Julai

Mwanangu. Mwanangu wee.

Salamu utazipata, zipo, lakini leo zitakaa nyuma.

Mama Pacha alipofika pale pa "hakulia" aliishusha karatasi. Nikasema, soma. Akasema, "Bibi, ngoja." Nikangoja. Akasoma mpaka mwisho kwa sauti ndogo, na pacha wake, mmoja mgongoni mwingine mapajani, nao kama wamejua, hawakuguna. Tulikaa hivyo, wanawake wawili na karatasi. Nililia, sikufichi. Nilimlilia mjukuu wangu mwenye nywele nyingi. Jina hana kwetu, lakini Bwana hawezi kushindwa kumwita.

Na Cheche alikuwa nje, dirisha liko wazi, alisikia. Aliweka nyundo chini. Mwanangu, siku ile nilipewa kile kimya nilichokitafuta mwaka mzima, kimya kitupu, hata mashine haikulia, na sikukitaka! Kilinikaa kifuani kama jiwe. Ndipo nikakuelewa wewe na redio zako. Nilidhani wewe unaharibu amani kwa kelele na mimi nina hekima ya kigodani. Kumbe tulikuwa tunakimbia kitu kimoja, wewe kwa redio, mimi kwa komeo. Nikatoka nje, nalivuta goti, nikamkuta amekaa juu ya chuma chake, kichwa mikononi. Nikamwambia, "Piga, baba." Akasema, "Bibi, leo siwezi." Nikamwambia, "Piga, nina mtu wa kumtaja. Leo ni wawili."

Akapiga. Pang, Chiriku. Pang, mtoto wa Chiriku.

Sasa hiyo hasira yako. Unasema huthubutu kumwambia Mungu. Nani kakufundisha hivyo? Si mimi. Turudi kwenye ile mashua, maana nilipofika kwenye ule mto niliishia hapo, sikumaliza. Wale watu walimwamshaje? Walisema, samahani Bwana, ukipata nafasi? Walimpigia kelele! Walimwuliza, hujali sisi tunakufa? Hiyo ndiyo sala yao, haina adabu hata kidogo. Na yeye hakuwaambia subirini nimalize kulala, wala hakugeukia upande wa pili. Aliamka. Kwanza aliamka. Basi mpigie kelele, mwanangu. Mwambie hujali? Mwambie mbona hakulia? Mimi jibu sina, nisikudanganye, nimezika kaka yangu ambaye ni baba yako na jibu sikupewa. Nilipewa wewe, umesimama mlangoni na mashavu yamevimba. Lakini ninajua kwamba ukimpigia kelele anaamka, na akiamka uko naye, na ukiwa naye hata upepo ukivuma utapata pa kuweka kichwa. Amani yangu yote ni hiyo, sina nyingine kabatini.

Redio usiizime kwa nguvu. Izime kidogo. Jikoni kwanza. Kaa na mwenzio, mwache amenye machungwa, na safari hii ule. Huyo mtu anaomboleza kwa kisu na chungwa, usimwache peke yake.

Na hilo neno la mikono mitupu sitaki kulisikia. Nani kakwambia nilikuwa nangojea mizigo? Njoo na hiyo hiyo mikono. Mkono wenye kitu utanishikaje?

Nikueleze na kelele unayoisikia, yaani wewe huisikii, naisikia mimi. Cheche anagonga kitu hapa chini ya dirisha tangu asubuhi na geti si geti. Nikamwuliza, nini hicho? Kasema, "Kiti, Bibi. Wewe una kigoda kimoja. Yule Chiriku wako akija atakaa wapi?" Kiti cha chuma! Nikamwambia kitalia kila mtu akijigeuza. Kasema, "Si ndivyo unavyosali." Mama Pacha kampiga jicho la mke, lakini kacheka. Kimebaki mguu mmoja. Na dirisha lake nimeling'oa, nimelilaza mlangoni, tunapangusia matope ya viatu, na kwa kazi hiyo, kusema kweli, ni dirisha zuri sana.

Jua limevuka paa, ni saa yangu sasa hivi, ila leo nasali kwa kukuandikia. Pang, Chiriku. Unaona? Pang. Umlete na mkwe wangu akipata safari ya kuja huku, lori alipaki pale kwa... Mbona amenyamaza? Cheche! Kiti hakijaisha, mguu mmoja bado! Hajibu. Mama Pacha, chungulia, mumeo kapatwa na nini? Unaandika na hilo? Haya, andika, mimi ndiye niliyesema.

Anasema kuna lori limesimama barabarani. Anasema kuna mtu anaita, na ni saa yangu, awaambie wasubiri mpaka niseme amina?

Nyamaza kwanza. Nyamaza nisikie.

Umesikia alivyoita? Hakusema Bibi. Mama Pacha, hakusema Bibi!

Wasubiri nini? Weka kalamu chini, nipe mkono. Aa, acha, nasimama mwenyewe. Naja, mwanangu! Naja!